Maji ya Alfajiri

Watoto wa kundi la tatu walikufa Jumanne, na kufikia saa mbili asubuhi kila mtu kituoni alikuwa ameshajua wa kulaumiwa ni nani.

Mwenyewe alikuwa bado amekaa kwenye kiti chake cha chuma, jicho kwenye hadubini, akitazama tone la maji alilolichota kutoka tangi namba nne. Ndani ya tone lile walitakiwa waonekane chaza wachanga wa siku mbili, kila mmoja mdogo kuliko chembe ya chumvi, wameshavaa ganda lao la kwanza lenye umbo la nusu mwezi, wanakimbia huku na huko kama watu waliochelewa sokoni. Alichokiona ni maganda yaliyopinda, yenye mapengo pale kwenye bawaba, mengine yamelika kingo kama karatasi iliyotafunwa na mende. Wachache waliokuwa na uhai walijizungusha pale pale chini, hawana nguvu ya kupanda juu.

"Shenzi," alisema. Hakuwa anamtukana mtu. Mtu wa kumtukana alikuwa hajampata.

Kituoni walimwita Mkunga. Kazi yake ilikuwa kuzalisha chaza: kuwatagisha wakubwa kwenye mabeseni, kuyarutubisha mayai, kuwalea watoto kwenye matangi ya maji ya bahari mpaka wawe mbegu ya kuuzwa kwa wafugaji wa pwani nzima. Ndiyo maana ya jina. Wenye midomo yao walisema hapana, jina limetokana na yule samaki mwenye sura ya nyoka, maana ukimshika vibaya anakung'ata. Mkunga hakuwahi kuwakanusha. Aliona maana zote mbili zinamfaa.

Aliingia pale akiwa msichana wa miaka ishirini na mbili, binti wa mwashi, ameajiriwa kufagia. Siku moja Mzee, mwenye kituo, alimkuta ameweka dekio ukutani, ameinama kwenye hadubini.

"Umeona nini?" Mzee aliuliza.

"Nimeona watu wanacheza," alijibu, akajua kazi ndiyo imekwisha.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kesho yake dekio alipewa mtu mwingine. Binti wa mwashi akafundishwa kuhesabu mayai, kuchuja mwani wa chakula, kutofautisha mtoto anayekua na mtoto anayesinzia. Hakuwa na cheti cha chuo chochote, lakini ndani ya miaka mitatu akawa anajua zaidi ya wenye vyeti. Yeye ndiye aliyegundua kwamba maji yakivutwa mchana yanakuja na tope, kwa sababu boti zinakuwa zimeshapita na kuchafua mlango wa bahari. Akapendekeza pampu iwashwe saa kumi na moja alfajiri, bahari ikiwa imetulia na maji yanang'aa kama kioo. Mzee alifurahi, akaagiza mchoraji aandike kwenye ukuta wa chumba cha pampu, kwa rangi ya buluu, herufi kubwa: MAJI NI YA ALFAJIRI. Chini yake akaongeza sheria ya pili, nayo ya Mkunga: MTOTO AKIUMWA, MBADILISHIE MAJI.

Zile ndizo zilizokuwa amri za kituo. Mzee alikufa, amri zikabaki.

Sasa kituo kilikuwa cha mwanawe, ambaye wafanyakazi walimwita Bosi Mdogo, ingawa kwa umbo alikuwa mkubwa kuliko baba yake. Jumanne ile aliwaita wote uani, akasimama kwenye ngazi ya ofisi na karatasi mkononi.

"Mama," alimwambia Mkunga mbele ya watu kumi na mmoja, "hivi wewe unanawa mikono?"

Watu wakainama. Hata yule mzee wa kuwasha pampu, ambaye waliomzoea walimwita Swichi na ambaye kwa kawaida hakosi neno, aliangalia viatu vyake.

"Nanawa," Mkunga alisema. "Tangu wakati ule ninakufuta kamasi kwenye ngazi hiyo hiyo uliyosimama."

Watu wakacheka, wakajifanya wanakohoa. Bosi Mdogo hakucheka.

"Makundi matatu yamekufa. Matatu! Wafugaji wananipigia simu kila siku. Niwaambie nini? Kwamba bahari imenuna?"

"Waambie maji yana kitu."

"Maji ni ya Mungu. Yana nini? Maji ni yale yale aliyoyatumia marehemu baba. Kilichobadilika ni mikono." Akaisoma barua kwa sauti: onyo la mwisho kwa uzembe na uchafu kazini. Kundi la nne likifa, Mkunga anaondoka, na nakala ya barua itapelekwa kwenye vituo vingine vya mbegu ili wenzake wajihadhari naye.

Vituo vingine vilikuwa viwili tu. Barua ikifika huko, mlango umefungwa. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, asiyejua kazi nyingine, asiye na cheti cha kumwonyesha mtu, ataambiwa na nani njoo? Lakini kilichomchoma Mkunga si kufukuzwa. Ni lile neno uchafu. Watu waliomjua walijua kwamba nyumbani kwake hata ndoo ya kuogea ilikuwa na zamu ya kusuguliwa. Kuambiwa amewaua watoto wake kwa mikono michafu ilikuwa sawa na kuvuliwa nguo hadharani.

Siku tatu zilizofuata alifanya kazi kama mtu aliyepagawa. Alisugua matangi, akachemsha mipira ya maji, akabadilisha vichujio vyote, vipya na vikuukuu. Tangi namba sita lilikuwa limebaki na watoto hai wachache wa lile kundi la tatu. Akaapa kwamba hao hawafi. Akawabadilishia maji kila alfajiri, si nusu tangi kama kawaida, bali tangi zima. Swichi alimwuliza kama anataka kuikausha bahari. Mkunga akamwambia awashe pampu, apunguze mdomo.

Kila alipobadilisha maji, walikufa zaidi. Ijumaa tangi namba sita lilikuwa maji matupu.

Alifika nyumbani jua likiwa bado kali, akatupa mkoba kwenye kiti. Mume wake, fundi wa vyombo vya umeme, alikuwa amekaa mezani sebuleni, mabirika matatu ya wateja yamepangwa mbele yake. Alimtazama mkewe, akasogeza birika mbali na mkono wake.

"Hili ni la watu," alisema. "Ukitaka kuvunja kitu, vunja lile la kwetu."

"Usinichekeshe leo."

"Sikuchekeshi, najilinda. Nimesikia leo wamekufa wengine."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa dada yangu. Amepiga simu mchana."

Dada wa fundi alikuwa karani wa kituo. Ndiye aliyempeleka Mkunga kule kufagia miaka ile, ndiye aliyemkutanisha na kaka yake. Mkunga alimpenda wifi yake kuliko ndugu zake wa tumbo moja. Akakaa, akavua viatu. Fundi alikuwa anamimina siki ndani ya birika lililojaa ukoko mweupe. Ule ukoko ukaanza kutoa povu dogo dogo, ukichemka bila moto.

"Hiyo nyeupe ni nini?"

"Chokaa. Maji ya bomba yakichemshwa yanaiacha. Ukitumia kisu unaharibu birika. Uchachu unaila taratibu, wewe unakunywa chai unasubiri."

Mkunga alilitazama povu mpaka likaisha. Kisha akaenda bafuni, akarudi na ganda la chaza walilokuwa wakiwekea sabuni. Akampokonya mumewe chupa ya siki, akamimina. Ganda likatoa povu.

"Chokaa hiyo hiyo," fundi alisema.

"Wale watoto, mume wangu, maganda yao hayana ukungu wala wadudu. Yamelika. Nimekaa natafuta ugonjwa kumbe yanalika."

"Lakini bahari si siki."

"Si siki. Hapo ndipo ninapokwama."

Fundi alikuna kidevu. "Ganda la mtoto wa siku mbili lina unene gani?"

"Halina unene. Ukipuliza linakwenda."

"Basi haihitaji siki nyingi," alisema fundi, akarudi kwenye birika lake.

Jumamosi asubuhi Mkunga aliingia ofisini kwa wifi yake bila kubisha. Karani alikuwa peke yake, Bosi Mdogo hajafika.

"Wifi, nataka pesa ya kununua kipimo cha uchachu wa maji. Au kama kuna chuo kinachoazimisha, niandikie barua."

Karani aliacha kuandika. Hakuinua macho.

"Wifi, kaa chini."

"Sikai. Nimekwambia nataka kipimo."

"Kipimo kipo." Karani alisema kama anayeiambia meza. "Kimo kwenye kabati la chuma. Kililetwa na yule mtaalamu wa maji aliyekuja akakaa wiki mbili, yule mwenye miwani. Aliacha kipimo tupime kila siku. Na ripoti."

"Ripoti gani?"

Karani alichukua ufunguo kwenye droo, akafungua kabati, akatoa boksi jeusi ambalo utepe wake wa dukani ulikuwa haujabanduliwa, na bahasha ya kaki. Mkunga aliisoma amesimama. Ilikuwa kurasa tisa. Tarehe ilikuwa ya miaka miwili na miezi minne iliyopita.

Ripoti ilisema hivi, kwa maneno ambayo hata mfagiaji angeyaelewa. Moshi wa mitambo ya makaa, wa viwanda, wa magari na meli za dunia nzima una hewa ukaa, na karibu robo ya hewa hiyo inayotoka kila mwaka bahari inaimeza. Ikiingia majini inazaa tindikali. Bahari haijawa siki na haitakuwa siki, ila kila mwaka inasogea hatua moja upande huo, na kila hatua inayapunguzia maji yale madini ambayo chaza, kome, konokono wa baharini na matumbawe huyatumia kama matofali ya kujengea. Chaza mkubwa anaweza kuvumilia. Mtoto wa siku mbili hawezi, kwa sababu ganda lake la kwanza lazima alijenge kwa saa chache, kwa akiba ndogo aliyotoka nayo kwenye yai. Akikuta maji hayana matofali hayo, anatumia nguvu zake zote kuyatafuta, anajenga nyumba mbovu, anakufa njaa ndani yake. Mkunga alimkumbuka baba yake, ambaye alikuwa akiibiwa tofali usiku na asubuhi anaulizwa na mwenye nyumba kwa nini ukuta haupandi.

Kisha akafika ukurasa wa saba, akakaa chini mwenyewe.

Ukurasa wa saba ulisema kwamba uchachu wa maji ya mlango ule haulingani siku nzima. Mchana majani ya baharini yanakula hewa ukaa na maji yanakuwa mazuri. Usiku mimea na wanyama wote wanapumua, hewa inarundikana, na maji yanakuwa makali kuliko wakati wowote kabla tu ya jua kuchomoza. Mtaalamu alishauri kwa herufi nzito: kituo kiache mara moja kuvuta maji alfajiri. Kivute alasiri. Na maji ya watoto wachanga yatiwe magadi kwa kipimo alichokieleza.

MAJI NI YA ALFAJIRI. Miaka kumi na sita. Na juzi, watoto wakiwa wanakufa, yeye mwenyewe alikuwa anawafungulia bomba la kile kinachowaua, tangi zima zima, kwa upendo.

"Wifi," alisema, "ulijua?"

"Niliipokea mimi. Niliisoma."

"Na Jumanne uani ulikuwepo. Ananiuliza kama nanawa mikono."

"Wifi, alinikataza. Alisema wafugaji wakisikia bahari inaharibika nani atanunua mbegu. Alisema ni maneno ya wasomi. Nina watoto watatu."

"Na mimi nina nini? Paka?"

Karani alianza kulia. Mkunga hakumbembeleza. Aliweka boksi kwapani, bahasha ndani ya blauzi, akatoka. Mlangoni aligeuka. "Mficha maradhi, wifi, malizia mwenyewe."

Siku nne alipima maji ya mlango kila saa, tangu alfajiri hadi magharibi, na kuandika kwa chaki kwenye ukuta wa chumba cha pampu, chini ya ile rangi ya buluu. Ripoti ilimweleza kwamba namba ikishuka, uchachu umepanda. Saa kumi na moja alfajiri: saba nukta sita. Saa nne: saba nukta nane. Saa tisa alasiri: nane nukta moja. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu vile vile. Siku ya nne Swichi, aliyekuwa akichungulia kwa nyuma, alisema, "Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa naamka gizani kuwaletea watoto sumu?"

"Zamani haikuwa sumu," Mkunga alisema. "Zamani alfajiri ilikuwa inawabana tu, wanapita. Saa haijabadilika, Swichi. Pampu haijabadilika, na mikono yangu haijabadilika. Iliyobadilika ni bahari, na hatukuibadilisha sisi. Mimi sijawahi kumiliki hata pikipiki!"

Alijikuta anapiga kelele. Akapiga teke ndoo, ikavuka chumba. Alikuwa na hasira na watu asiowajua, wenye mabomba marefu ya moshi kwenye miji asiyoweza hata kuitaja, watu ambao hawatalala njaa chaza wakiisha. Lakini hao walikuwa mbali. Wa karibu alikuwa na ufunguo wa kabati la chuma.

Angeweza kwenda kumtupia bahasha usoni siku ile. Fundi alimshauri asifanye hivyo. "Sasa hivi una karatasi," alisema, "yeye ana makundi matatu ya maiti na barua yenye jina lako. Nenda ukiwa na watoto hai." Mkunga alimwita mwoga, akafuata ushauri.

Kundi la nne alilitagisha Jumatatu ya wiki iliyofuata. Alfajiri ya siku hiyo alimkuta Swichi mkono uko kwenye swichi.

"Acha. Tunavuta saa tisa."

"Tope je?"

"Tope tutalichuja. Uchachu hauchujiki."

"Na Bosi akiniuliza?"

"Mwambie Mkunga amekataa."

Akapima magadi kwa mizani ya kituo, mara mbili kila kipimo, akajaribu kwanza kwenye ndoo. Jumatano asubuhi akachota tone, akaliweka kwenye kioo, akaketi. Kwanza akaifuta miwani ambayo haikuwa chafu. Kisha akainama.

Nusu mwezi. Nusu mwezi. Nusu mwezi. Bawaba zimenyooka kama rula. Walikuwa wanakimbia.

Watu wangedhani atashangilia. Mkunga alilia, na hakikuwa kilio cha furaha. Alikuwa akihesabu: kundi la kwanza, la pili, la tatu. Watoto mamilioni, wafugaji waliokosa mbegu msimu mzima, mzee mmoja wa upande wa pili aliyeuza boti yake. Dawa ilikuwa kwenye bahasha, hatua thelathini kutoka kwenye matangi.

Siku ya kumi na nane watoto wakawa tayari kuchukuliwa. Wakichujwa na kufungwa kwenye kitambaa kibichi, milioni mbili wanatoshea kwenye bonge lisilozidi ndimu. Wafugaji walianza kufika saa nne na makasha yao ya barafu. Bosi Mdogo alimwita Mkunga ofisini kabla ya ugawaji. Alikuwa anatabasamu.

"Mama, umejitahidi. Saini hapa."

Ilikuwa barua kwa wafugaji. Ilisema kwamba tatizo la mbegu lilitokana na upungufu wa usafi, kwamba mhusika amechukuliwa hatua, na kwamba usafi sasa umeimarishwa.

"Mhusika ni nani?"

"Ni maneno tu. Wewe kazi unabaki nayo, mimi wateja ninabaki nao. Unataka nini tena?"

"Unajua kwa nini hawa wameishi?"

"Umenawa mikono," alisema Bosi Mdogo, akacheka, akidhani ni utani kati yao.

Mkunga alitoa bahasha ya kaki ndani ya blauzi, akaiweka juu ya barua. Kicheko kikakatika. Karani, kwenye meza ya pembeni, alifunga daftari lake.

"Hiyo ni mali ya ofisi," Bosi Mdogo alisema polepole.

"Ndiyo. Na mimi Jumanne ile mliponipaka matope nilikuwa mali ya nani?"

"Sikiliza. Ningewaambia ile taarifa, wangehama wote. Nilikuwa nalinda ajira. Hata ya kwako!"

"Uliilinda kwa kuniita mchafu."

Mkunga alichukua bahasha, akatoka hadi kwenye ngazi. Uani walikuwa wafugaji kama ishirini. Aliyekuwa mbele alikuwa mama mnene mwenye kofia pana na sauti ya kuita boti, waliyemwita Bibi Kamba kwa sababu alifuga chaza wake kwa kuwaning'iniza kwenye kamba.

"Mwanangu," Bibi Kamba alisema, "mbona umetoka na karatasi? Sisi tumefuata watoto."

"Watoto wapo na mtapewa. Kwanza mjue kwa nini msimu mzima hamkuwapata."

Aliwaambia. Hakujua kuhutubia, alirukaruka, akaanza na birika la mteja wa mumewe, akarudi kwenye moshi, akasahau neno, akatukana. Lakini walimwelewa. Bibi Kamba alivua kofia.

"Wangu niliobaki nao," alisema, "nikiwashika wanavunjika kama ganda la yai. Nilidhani uzeeni nimepewa nguvu za majini." Hakuna aliyecheka. "Sasa sisi huko kwenye maji ya wazi tufanye nini? Bahari nayo tuitie magadi?"

"Huwezi, bibi. Humu ndani naweza kuchagua saa, na hata hiyo saa tisa haitadumu. Inashuka nayo. Huko nje wa kuchagua ni wenye moshi."

"Na huyu alijua?" Bibi Kamba alimnyooshea kidole Bosi Mdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Aje asome. Asome yeye, kwa mdomo wake."

Bosi Mdogo alisema ana simu ya kupiga. Wafugaji hawakumgusa, walisogea tu, wakajaa kwenye ngazi, mlango ukawa hauonekani. Akachukua ripoti. Akaanza kusoma kwa sauti ya chini, ukurasa wa kwanza, haraka haraka.

"Rudia tarehe," Mkunga alisema.

Akairudia.

"Huko nyuma hawajasikia."

Akairudia mara ya tatu, kwa sauti, na wafugaji wakaanza kunong'ona wakihesabu miezi kwa vidole. Alisoma kurasa zote tisa. Alipomaliza, shati lake lilikuwa limeloa mgongoni.

"Barua yako ya onyo nitaichana," alimwambia Mkunga, bila kumtazama.

"Usiichane. Iache kwenye faili, na hii ibanwe juu yake, na tarehe zote mbili zionekane. Wifi!"

Karani alikuwa ameshasimama mlangoni.

"Wifi, toa nakala. Mbili za vituo vile vingine, moja ya hapa. Halafu andika kwa mkono wako kwamba uliipokea lini."

"Nitaandika," karani alisema. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti haikutetemeka. Mkunga alimwitikia kwa kichwa. Kumsamehe ilikuwa habari ya siku nyingine.

Bibi Kamba alisubiri nakala zitoke, akaichukua ripoti yenyewe, akaikunja na kuiweka chini ya kofia. "Hii tunakwenda nayo ofisi ya uvuvi. Leo. Nina pikapu. Mwenye kuogopa achukue watoto wake aende nyumbani."

Wanne walikwenda nyumbani. Waliobaki waliyafunga makasha ya barafu na kuanza kupanda. Mkunga alimwachia Swichi maagizo: alasiri awashe pampu, apime kabla ya kuwasha, aandike ukutani. Kisha akapanda nyuma ya pikapu akiwa bado na buti za mpira na aproni.

"Mwanangu," Bibi Kamba alimwuliza kupitia dirishani, "na hao wa ofisini wakisema kumbe hata wao walikuwa wanajua?"

Mkunga alishika ubavu wa gari.

"Hapo sasa," alisema, "ndipo mtakaponiona nimekasirika."